Hesabu ya Usiku wa Jumatano

Nilichelewa lori la kunipeleka kwenye kazi yangu ya kwanza kwa karibu siku nzima, na sababu yake ni kwamba sikujua Jumatatu inaanza lini. Naliweka hili mwanzoni kabisa, ninyi walimu vijana mlionisumbua niandike, ili mjue mapema mnasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nilikuwa nimetoka Tanga na cheti cha darasa la kumi mfukoni. Nilikuwa nimepangiwa Handeni kufundisha hesabu, na dereva wa lori la mahindi aliniambia mbele ya mama yangu, hapa hapa Kwamndolwa, karibu na Korogwe, kwamba wanaondoka usiku wa Jumatatu, saa tatu. Jumatatu jioni nikala nikashiba, nikabeba sanduku langu la bati hadi barabarani, nikalikalia. Lori lilikuwa limeondoka jana yake.

Kwa watu wetu siku huingia jua likizama. Usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Jumatatu ni ule ambao Mwingereza anauita wa Jumapili. Nililijua hilo tangu utotoni, na nyumbani nilisema hivyo hivyo kama kila mtu. Lakini miaka ya kengele ya bweni na saa ya ukutani ilikuwa imenipindua kichwa, nikarudi kijijini nahesabu siku kama Mzungu wa meli. Mama yangu alisimama mlangoni akaniuliza kama huko Tanga walinifundisha hesabu zote au walinibakishia za nyumbani. Nawaungamia pia kwamba moyoni nilifurahi, maana nilipata siku zaidi za kulala kitandani kwangu. Nimekuwa mtu wa kupenda kwetu kupita kiasi, na tabia hiyo ilikuja kunigharimu, au tuseme ilimgharimu mtu mwingine, na hapo ndipo habari yote ilipo.

Habari za mshahara na vyeo sitaziandika. Ni fupi, na hazichekeshi.

Handeni nilipewa darasa la alasiri. Asubuhi nilifundisha watoto kama walimu wote, lakini saa tisa benchi zile zile zilikaliwa na watu wazima waliokunja magoti mpaka kidevuni. Alikuwamo tarishi wa jumbe, fundi cherehani mmoja, wakulima, na wanaume waliokuja zamani kutoka bara kukata mkonge, wakamaliza mikataba yao, wakaoa huku, wasirudi tena. Walikuwa wanajiandaa kwa mtihani wa makarani wa mizani katika masoko ya mazao. Kusoma walijua. Kujumlisha na kuzidisha walijua, tena wengine kwa kasi kunishinda. Shida ilikuwa hesabu za mafumbo, zile zinazoandikwa kwa maneno, ambazo mtu lazima kwanza atambue ameulizwa nini. Wakikutana nazo walichukua tarakimu zote zilizomo, wakazijumlisha, wakaomba Mungu.

Siku ya kwanza nikawaandikia ubaoni fumbo kutoka kitabuni. Tangi lina mabomba mawili yanayoingiza maji, na bomba la tatu chini linatoa. La kwanza hulijaza kwa saa kadha, la pili kwa saa kadha, la tatu hulimaliza kwa saa kadha. Yakifunguliwa yote pamoja, tangi litajaa lini? Nikashusha chaki, nikasubiri. Ninyi mnaoijua Handeni, mnaojua akina mama wanavyoamka kwenda kutafuta maji kiangazi na kurudi na ndoo yenye tope, mnaona tayari nilichokifanya. Fundi cherehani akanyoosha mkono, akauliza bomba la chini limefunguliwa na nani. Nikasema hakuna mtu, ni hesabu tu. Tarishi akasema halifunguki lenyewe. Mwingine akasema huyo mtu apelekwe kwa jumbe kwanza, ndipo tuhesabu. Darasa likagawanyika, wengine wakitaka afungwe na wengine wakitaka alipe kwa mbuzi, mpaka jua likashuka. Hakuna aliyeniambia tangi litajaa lini. Mpaka leo halijajaa.

Aliyeniokoa alikuwa Mwalimu Zakayo, mzee wa Kishambaa aliyelelewa misheni ya Lutindi, mpole, mwenye kikohozi, aliyefundisha chumba cha pili. Nilimwendea nikimlalamikia wanafunzi wangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniita bwana kwa lugha yao, akasema, "Mgosi, hesabu yako haina mwenyewe. Tafuta hesabu yenye mwenyewe." Nikamwuliza maana yake. Akasema mtoto atahesabu chochote ukimwamuru, ila mtu mzima hawezi kuhangaika na taabu isiyo ya mtu. Mpe taabu ya mtu anayemjua.

Taabu niliyokuwa nayo karibu ni ya kwangu mwenyewe. Kesho yake nikawaandikia: mwalimu ameambiwa lori linaondoka usiku wa Jumatatu saa tatu. Yeye amefika barabarani saa mbili na nusu usiku, mchana wa Jumatatu ukiwa umekwisha. Je, amewahi kwa nusu saa, au amechelewa kwa saa ngapi? Yule fundi akaniangalia usoni, akauliza polepole huyo mwalimu anaitwa nani. Kicheko cha siku ile kilimtoa Mwalimu Zakayo darasani kwake. Lakini walihesabu, tena kwa kugombana, wakichora mchanga kwa vijiti nje ya mlango, usiku huu, mchana huu, usiku ule, na kila mtu alitaka kujua nimechelewa kiasi gani hasa. Saa ishirini na tatu na nusu. Walinitajia jibu hilo kila waliponiona barabarani kwa mwezi mzima.

Basi hiyo ikawa njia yangu kwa miaka yote iliyofuata, na kwa kuwa mmeniomba mambo ya kazi, haya ndiyo. Juu ya ubao niliandika maswali matatu na sikuyafuta kamwe: Tunajua nini? Tunatafuta nini? Jibu likija litakuwa na sura gani? La tatu ndilo walimu wengi huliruka. Mwambie mwanafunzi akisie kabla ya kuhesabu, akisie kwa sauti, mbele ya wenzake, ili jibu lake likitoka la ajabu alishtukie mwenyewe. Wapangeni wawili wawili, maana mtu mzima akikosea mbele ya darasa zima kesho harudi, lakini mbele ya mwenzake mmoja atacheka. Msimwache mwepesi aseme kwanza. Na kosa la mtu msilifute ninyi kwa mkono wenu. Mpeni kifutio alifute mwenyewe akiridhika. Vifutio vyangu nilivisokota kwa singa za mkonge, ubao niliupaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na maji ya majani ya muhogo, na vipimo vyangu vilikuwa kibaba na pishi vya kuazima kwa mke wa jirani, ambavyo alivifuata kila jioni akinung'unika kwamba hesabu inamchelewesha ugali.

Sasa nimfikie Mzee Masanja.

Alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja akiwa kijana na mkataba wa mkonge, akakata majani katika shamba moja upande wa Korogwe mpaka mwiba wa mkonge ulipomtoboa jicho la kushoto. Baada ya hapo alioa kijijini Mkata, akalima muhogo huko. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu mdogo. Siku za darasa alikuja kwa malori, akalala kwa shemeji yake pale Handeni, akarudi. Wanyamwezi na sisi Wazigua ni watani tangu zama za misafara, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kunitukana, na aliitumia vizuri. Alipenda kuwaambia wenzake kwamba Mzigua akikufundisha saa, ufungashe chakula cha siku mbili.

Lakini hakuwa anacheza. Alinieleza mara moja tu, tukiwa tunafunga madirisha, kwamba jicho lililobaki lilikuwa limeanza kumsumbua juani, na shambani hataliweza kwa miaka mingi. Karani wa mizani hukaa kivulini. Na tangazo la mtihani lilikuwa limeonya kwamba awamu ile ndiyo ya mwisho kwa watu wa umri wake. Baada yake watachukua vijana tu. Ilikuwa mara hiyo au basi.

Katika hesabu hakuwa mwepesi wala mzito, alikuwa mwangalifu. Jambo moja tu lilitugombanisha, nalo ni lile lori langu. Yeye hakukubali kwamba nilichelewa. Alishika kwamba usiku wa Jumatatu ni ule unaokuja baada ya mchana wa Jumatatu, kama nilivyodhani mimi nikiwa nimekalia sanduku. Nikamwambia hapa sivyo. Akasimama.

"Sisi kwetu mtu huchoka kwanza, ndipo alale," akasema. "Ninyi Wazigua mnaanza kwa kulala. Ndiyo maana hamchoki."

Darasa likapiga makofi. Ningemwacha pale pale, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mimi nilikuwa mwalimu kijana niliyeaibishwa na lori, na jambo nililojifunza kwa aibu nililifundisha kwa bidii ya mtu anayelipa kisasi. Nikamwambia, mtani, uko Handeni, hesabu kwa usiku wa Handeni. Nikamrudishia fumbo lile kwa sura nyingine wiki hiyo, na wiki iliyofuata, na kila alipoandika kwa desturi ya kwao nikamrudisha. Kwa wengine nilikuwa nathibitisha walichokijua. Kwake nilikuwa nang'oa kitu na kupanda kingine. Mwisho akakubali. Akaandika jibu kama nilivyotaka, akanionyesha, akasema nimemfanya Mzigua, na kwamba sasa atakuwa anachelewa kazini kama mimi. Nilijiona mwalimu hodari sana siku ile.

Mtihani ukaja, umetungwa mbali na kwetu, kwa Kiswahili kilichofasiriwa na mtu nisiyemjua. Baada ya watahiniwa kutoka nikayasoma maswali, nikafurahi, maana mengi yalikuwa ya namna tuliyozoea. Kisha nikafika kwenye lori. Lori liliondoka Korogwe usiku wa Jumatano saa nne, likafika Morogoro Alhamisi saa nane mchana. Lilisafiri kwa saa ngapi? Aliyelitunga aliwaza Kiingereza: Jumatano usiku mpaka kesho yake mchana, saa kumi na sita. Kwa usiku wa Handeni ni saa arobaini.

Nikamkuta Masanja nje anakunywa maji. Nikamwuliza ameandika nini. Akasema arobaini, tena kwa fahari. Nikamwuliza hakushtuka, lori gani linachukua saa arobaini kwenda Morogoro.

"Nilikisia kwanza, kama ulivyotufundisha," akasema. "Masika hii, Mwalimu, na malori haya ya kwenu? Nikaona hata arobaini limewahi."

Ijumaa adhuhuri karani mmoja wa ofisi ya wilaya, rafiki yangu wa kucheza bao, akaniita pembeni. Masanja amepungukiwa kidogo tu, akasema, na swali hilo la lori pekee, ambalo wenzake walilikosa bila kuanguka, lingemvusha. Nikamweleza habari ya usiku. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia Bwana Shauri, Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya, atakuwa ofisini kesho Jumamosi asubuhi, na huyu alikuwa mtu wa kusikiliza, aliyejifunza Kiswahili kwa makini na kupenda sana mambo ya namna hiyo. Nikimweleza kwa kinywa changu kwamba maneno yale kwa mwenyeji yana majibu mawili, huenda akayakubali yote mawili. Karatasi zinakwenda Tanga Jumatatu.

Lori langu la kwenda nyumbani lilikuwa linaunguruma sokoni. Kila Ijumaa nilikwenda nalo Korogwe, na kila Jumapili nikarudi. Wenzangu walinicheka kwamba nimeajiriwa Handeni lakini naishi barabarani. Mama alikuwa ametuma salamu kwamba mahindi mabichi yameiva. Sikuwa na mgonjwa nyumbani, wala msiba, wala harusi. Ilikuwa mahindi ya kuchoma na kitanda changu. Nikamwambia karani kwamba nitamwona Bwana Shauri Jumatatu mapema, kabla karatasi hazijaondoka. Mimi, niliyeandika ubaoni kwa herufi kubwa Tunajua nini, sikumwuliza Jumatatu hiyo ni saa ngapi.

Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa barazani kwa Bwana Shauri, nimevaa kanzu nyeupe, nimepanga maneno. Karatasi zilikuwa zimepanda gari alfajiri. Bwana Shauri alinipokea vizuri, akanisikiliza, akavutiwa kweli kweli, akaandika habari yote ya siku na usiku kwenye kitabu chake kidogo kwa ajili ya kujua desturi. Kisha akasema inasikitisha kwamba sikuja Jumamosi.

Masanja nilimweleza yote, ila la Jumamosi sikulitaja. Lakini Handeni si Tanga, na karani wangu alikuwa na mdomo. Masanja alikuja darasani mara moja baada ya hapo. Nilitarajia matusi, na nayataka mpaka leo. Yeye alikaa, akafanya hesabu za siku ile zote na mwenzake, akafuta makosa yake kwa kifutio. Wakati wa kutoka akanipa mkono.

"Mahindi yalikuwa matamu?" akauliza.

Nikasema yalikuwa matamu. Akatikisa kichwa, akasema basi si haba. Hakurudi tena. Nilisikia baadaye alirudi kwenye mkonge, safari hii kupalilia, kwa sababu muhogo ulikuwa umekataa mwaka ule, na hiyo ni kazi ya kuinama juani kutwa.

Mwalimu Zakayo hakunilaumu. Alisema tu kwamba hesabu ile sasa imepata mwenyewe, na kwamba nisiitumie tena isipokuwa kama niko tayari kumtaja. Sikuitumia.

Nilihamishiwa Korogwe, karibu na nyumbani, kama nilivyoomba kwa barua zisizo na idadi. Huko nilifundisha darasa la nane mpaka nilipostaafu mwaka huu. Wengi wao walikuwa vijana wenye ndevu, baadhi wana wake, maana shule iliwafikia wakiwa wameshakua. Niliendelea na njia ile ile, wawili wawili, vijiti mchangani, maswali matatu. Mkaguzi mmoja aliandika kwamba darasa langu lina kelele kama mnada wa ng'ombe. Alipoingia walikuwa wanagombana jinsi ya kumgawia pishi ya mtama mjane mwenye watoto wasiolingana umri, na wawili karibu washikane mashati. Nilimwomba akae akisie. Hakukisia. Lakini wanafunzi wangu wengi walivuka, na wengine wenu mnaosoma hapa mlikuwa katika kelele ile, kwa hiyo msijifanye watulivu.

Kitu kimoja nilikibadili. Tangu Handeni, mwanafunzi akileta jibu nisilolitarajia, siandiki kosa. Namwuliza aliwaza nini hata akafika hapo, kisha ndipo nafungua mdomo. Huchukua muda. Fanyeni hivyo. Najua darasa lina watu wengi na kengele haisubiri, na bado nasema fanyeni.

Mkata nimepita mara nyingi tangu siku hizo. Kila nilipoitwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya walimu, na niliitwa zaidi ya nilivyopenda, basi lilisimama Mkata abiria wanunue mihogo ya kuchoma, nami nilibaki kitini nimefunika uso kwa kofia, nimelala usingizi wa mtu aliye macho. Mara moja nilimwona Masanja. Alikuwa amekaa kwenye gogo kando ya duka, kofia ya ukindu mpaka puani, akimwelekeza abiria njia kwa fimbo. Watu walikuwa wanacheka kwa alichokisema. Basi likaondoka.

Mwezi uliopita mnunuzi mmoja wa mahindi alinipa habari zake bila kuulizwa. Mzee yuko hai. Jicho la pili nalo linafifia, anatambua watu kwa sauti. Mnunuzi huyo akasema mzee humsimulia kila mpita njia kwamba yeye ni Mzigua wa kufundishwa, na kwamba aliyemfundisha bado yuko njiani anakuja.

Habari hiyo ilinikaa, na ndipo nilipoanza kuandika kurasa hizi, ninyi mkidhani ni kwa sababu mliniomba. Nimekuwa naandikia barazani mchana, na jirani yangu, Bi Mwanahawa, mjane aliyezeeka ukuta mmoja nami na asiyeniheshimu hata kidogo, huja na mahindi yake ya kupukuchua ili anisikilize nikisoma. Jana nilimsomea mpaka hapa. Alicheka kwenye tangi la maji, akacheka kwenye sanduku la bati, kisha akaacha kucheka akaendelea kupukuchua. Nilipomaliza nikamwuliza anaonaje, maneno haya ni mazuri, au nirefushe pale kwa Mwalimu Zakayo. Akapepeta ungo wake, akainuka, na alichosema nakiandika kama alivyokisema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Mtu yuko hai Mkata, anakujua kwa sauti, na wewe umekaa hapa unawaandikia wengine. Huandiki ili watu wajue, Mwalimu. Unaandika ili usiende."